Dirisha Nililoliweka Nyuma

Jumamosi, jioni

Mami,

Nakuandikia nikiwa mezani sebuleni, na wewe uko jikoni na mama yako mnakaanga chapati za safari. Ningeweza kukuita uje nikuambie haya kwa mdomo. Nimejaribu tangu Alhamisi, na kila mara naishia kukuuliza kama sanduku lako linafunga vizuri. Kwa hiyo nimechukua karatasi za ushirika zilizobaki, hizi za mistari, na utasoma ukifika Nairobi.

Habari ya sweta, ya kanisa, ya kuchemsha maji na ya kutoazimana nguo na wasichana wengine, mama yako ameshakueleza mpaka umechoka. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukueleza kwa nini Alhamisi niliinuka mezani nikakuacha ukizungumza peke yako.

Ulikuwa umeeneza vile vipande vya boksi ulivyovikata kwa ukubwa wa kiganja na kuvichora kwa penseli, kila kipande ukurasa mmoja wa ile mashine ndogo ya mkononi ambayo kampuni yako mpya inaiandikia programu. Ulinieleza kwa subira, nakushukuru. Karani wa kununua majani ya chai ataishika kwa mkono mmoja, majina ya wakulima wote yamo ndani, na akitaka jina la mtu atalitafuta. Katika mchoro wa kwanza, mahali pa kutafuta palikuwa chini ya ukurasa wa mbele, pale kidole gumba kinapofika bila shida. Katika mchoro wa pili hapakuwepo. Ilibidi mtu aguse "Mengineyo", orodha ifunguke, ashuke mpaka mwisho wake, ndipo alione neno "Tafuta". Ukaniambia mkubwa wako, siku ya usaili, aliupenda huo wa pili kwa sababu ukurasa unabaki safi. Nikakuuliza, na yule asiyejua kwamba liko huko? Ukacheka ukasema, "Baba, anayetaka kutafuta atapatafuta."

Nikatoka nje nikaenda kumkatia ng'ombe nyasi ambazo hakuzihitaji. Sikukukasirikia. Maneno hayo niliyasema mimi, karibu hivyo hivyo, mbele ya kamati ya kiwanda cha kahawa, wewe ukiwa bado chekechea.

Kiwanda unakikumbuka kwa harufu ya maganda na kwa mizani uliyokuwa ukipenda kusimama juu yake. Pengine hukumbuki meza ya barua. Nusu ya watu wa huku hawakuwa na sanduku la posta. Walitumia sanduku la ushirika, lile la Karatina, na mara mbili kwa wiki mtu alileta gunia dogo la barua akalimwaga juu ya meza barazani, kando ya mizani. Jiwe liliwekwa juu ili upepo usizichukue. Watu walipima kahawa yao, wakapita pale, wakazigeuzageuza. Aliyepata yake aliichukua. Asiyepata alikwenda zake.

Ilikuwa ovyo, sikatai. Watoto walizishika kwa mikono ya uji. Watu walisoma bahasha za jirani na kujua nani ameandikiwa na benki. Nilipofanywa katibu, kitu cha kwanza nilichokiona kibaya ni meza hiyo. Ilinitia aibu mbele ya wageni. Nikatengenezewa kabati la vijumba vijumba, nikanunua kadi, kila barua ikaandikiwa kadi, kila kadi ikapangwa kwa jina. Barazani nikaweka chungu cha maua. Na kwa kuwa sikutaka msongamano karibu na mizani, nikatoboa dirisha la kuulizia barua upande wa nyuma, unakozunguka kupitia mashine ya kumenya kahawa. Mzee mmoja wa kamati aliuliza watu watajuaje. Nikamjibu kwamba mwenye kutaka barua yake atalitafuta dirisha. Wakapiga makofi. Afisa wa ushirika alipokuja kutoka Nyeri alipiga picha ya kabati, si ya kahawa.

Nitakuambia mambo ambayo picha haikuonyesha. Dirisha nililipima kwa kifua changu, kwa hiyo wanawake wengi walisimama kwa vidole vya miguu ili waonekane. Nililifungua saa nane mpaka saa kumi, kwa sababu saa hizo mimi nilikuwa na nafasi, na ndizo saa ambazo wanawake wako shambani. Na kubwa kuliko hayo, kila mtu sasa alilazimika kuuliza. Ulishawahi kufikiria maana ya kuuliza, Mami? Kwenye ile meza mtu aligeuza barua kama anayepitisha wakati tu. Kama hakuna kitu, hakuna aliyejua kwamba alikuwa anangoja. Dirishani ilibidi aseme jina lake kwa sauti, mashine ikinguruma, mstari wa watu nyuma yake ukisikiliza, kisha ajibiwe hakuna. Huku kwetu mtu hupendelea kukosa kuliko kujulikana kwamba anangoja.

Mzee Gakuru, yule wa shamba lililo juu ya kanisa, alikuwa na kijana aliyekwenda Mombasa baada ya kugombana naye. Zamani za meza, alikuwa wa kwanza kugeuza barua kila siku ya gunia. Baada ya dirisha, alipima kahawa, akasalimia, akasimama kidogo akiangalia chungu changu cha maua, akaenda. Sikumwona nyuma hata siku moja. Alipokufa tulipata barua tatu za yule kijana kwenye kabati, zimepangwa vizuri mahali pake. Niliwapelekea wajane wake siku ya mazishi na nikajisifu moyoni kwamba hata moja haikupotea.

Hiyo ni ya Mzee Gakuru. Inayonifanya niandike ni nyingine.

Tata Nyokabi unamjua kama dada yangu wa Mwea, anayekuja Krismasi na gunia la mchele, miguu imepasuka kwa kusimama majini. Uliniuliza mara moja kwa nini mtu aliyepita mtihani wa kidato cha nne anapanda mchele wa watu wengine. Nikakuambia hakuitwa chuo. Huo ulikuwa uongo.

Nyokabi alipata mtoto akiwa shuleni. Baba yetu alikuwa ameshakufa na mimi ndiye mkubwa wa boma, nikasema shule imekwisha, akae nyumbani achume kahawa. Nilisema kwa ukali, mbele ya mama. Hakubishana. Alichuma kahawa mchana, akasoma bila kunionyesha kitabu, akafanya mtihani kwa jina lake mwenyewe, akapita. Kisha akaomba chuo cha uuguzi, akiweka anwani ya sanduku la ushirika, kwa kuwa hatukuwa na lingine. Hakuniambia neno. Angeniambia nini, baada ya niliyomwambia?

Barua yake ilikuja Ijumaa moja. Gunia nililifungua mimi. Nikaona muhuri wa chuo na jina lake la ubatizo limepigwa kwa taipu, na nikajua papo hapo ni nini, kwa sababu bahasha kama hiyo ilikuwa imeshakuja wiki hiyo kwa binti ya jirani na walikuwa wamechinja mbuzi. Ikaandikiwa kadi kama ya mtu mwingine yeyote. Nikaitia katika kijumba chake.

Nataka uelewe vizuri, usinitafutie sababu kama mama yako anavyonitafutia kila nikikosea. Sikusahau. Sikuchanganya majina. Jioni ile nilikula naye meza moja, akanipakulia irio, na sikusema. Nilikuwa na kanuni yangu: barua haitoki mpaka mwenyewe aje dirishani aulize na kutia sahihi. Nikajiambia kanuni ni ya wote, hata dada wa katibu. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka aje. Nilitaka asimame pale chini, aniangalie juu, aseme, niko na barua? Nilitaka kuombwa. Nilikuwa nimejenga dirisha zima na sasa nikajua lina faida gani kwangu.

Alikuja mara moja. Ilikuwa siku ya kupima, amemwaga kahawa yake na amebeba kiondo kitupu. Alizunguka nyuma, akapita mashine, akasimama mbele ya dirisha. Hapakuwa na mtu mwingine. Tuliangaliana. Barua ilikuwa nyuma ya kichwa changu, ningeweza kuifikia bila kuinuka. Nikainamisha kichwa nikaanza kupanga kadi zilizokuwa zimeshapangwa.

Akauliza maji ya kunawa mikono yako wapi.

Alikuwa amechuma kahawa kwa kiwanda kile tangu utoto wake. Bomba alilijua kuliko mimi. Nikamwonyesha kwa kidole, akashukuru, akaenda.

Siku binti ya jirani alipoondoka na sanduku lake la bati, akina mama wakimwimbia mpaka barabarani, nilikuwa ofisini. Nilitoa ile bahasha nikaiangalia, nikairudisha. Bado kulikuwa na wakati, chuo kingempokea hata akichelewa siku chache. Siku chache zikapita. Baadaye nikasema moyoni kwamba sasa kumpa ni kumuumiza bure, na hiyo nikaiita huruma. Kabla ya mwisho wa mwaka aliolewa Mwea na mtu aliyekuwa amemwona mara mbili, akaondoka na mtoto wake. Wewe ulilia kwa sababu ndiye aliyekuwa akikusuka nywele. Nami nilikubeba, nikakubembeleza, nikakuambia watu wakubwa huenda.

Ushirika ulipogawanyika na mimi nikatolewa, nilichukua vitu viwili ofisini, karatasi hizi na bahasha ile. Watu walidhani nimeondoka na hela. Afadhali ningeondoka na hela.

Sasa unaelewa kwa nini vipande vyako vya boksi vilinifukuza mezani. Mkubwa wako anasema ukurasa uwe safi. Mimi najua usafi huo. Mtu anayeupenda kwa kawaida yeye mwenyewe hatafuti kitu, kila kitu kiko mkononi mwake, na waliobaki nje hawaoni kama ni watu, anawaona kama msongamano. Sikuambii ugombane naye wiki ya kwanza. Mshahara ni mshahara, na najua wewe ni msichana, mgeni, unatoka Karatina, na watacheka ukisema r mahali pa l. Lakini ukiulizwa, sema. Sema karani wa majani ya chai atakuwa amesimama kwenye matope, mkono mmoja umeshika mfuko, mama mmoja mbele yake ameshataja jina lake mara mbili na halionekani. Huyo mama hatasema tazama tena kule mwisho wa orodha. Atasema haidhuru, atarudi nyumbani. Mahali pa kutafuta pakifichwa, wanaoumia hawaji kulalamika. Mimi sikupata lalamiko hata moja miaka yote, na nililihesabu hilo kuwa sifa.

Na kama siku moja wewe ndiwe utakayekuwa mkubwa wa kuamua, jichunguze kabla hujapaficha. Jiulize kama ni ukurasa unaotaka uwe safi au ni watu unaotaka wakuombe. Mimi sikujiuliza, na nilikuwa mtu wa kanisa.

Jana niliwaambia naenda Sagana kutafuta mbegu. Nilipita Sagana bila kushuka, nikaenda Mwea. Uliponitajia kwamba Tata anakuja kukuaga, niliona siwezi kusimama naye uwanjani kwangu, wewe ukienda na cheti chako, na bahasha ile bado iko kwenye sanduku langu chini ya bima ya ng'ombe.

Nilimkuta shambani na wanawake wengine, maji yamefika magotini, wanapanda. Aliponiona alifikiri kuna kifo. Akaja mpaka ukingo wa mfereji, akanawa mikono, akangoja niseme. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Karatina. Nikamnyoshea bahasha tu.

Aliitazama. Hakuipokea.

"Hiyo najua," akasema. "Wamuyu aliniambia hiyo wiki ilikuja."

Wamuyu ndiye aliyekuwa akiniandikia kadi. Sikuwahi kufikiri kwamba ana mdomo. Nikamwuliza Nyokabi, kama alijua, mbona hakuja kuuliza.

"Nilikuja. Nikauliza maji." Alisema bila kupandisha sauti. "Na ulijua sikuwa natafuta maji."

Nikasema ilikuwa neno moja tu, angelitamka ningempa.

"Ningekuomba, ati sasa ni wewe ungekuwa umenisomesha. Ungesema hiyo mpaka kwa matanga yangu. Baba Wangui, tulikuwa tunakula kwa sufuria moja. Nilitaka kuona kama utaniletea."

"Ulingoja mpaka lini?"

"Mpaka nikaolewa."

Mami, miaka yote hii nilijua nilimnyima kitu bila yeye kujua. Hilo nilikuwa nimelizoea, nilikuwa nimelitengenezea mahali pa kulala. Kumbe alijua. Kila irio aliyonipakulia katika miezi ile, alijua. Alikuwa akipita mbele yangu asubuhi na jioni akinipa nafasi, na mimi nikidhani ni mimi ninayempa yeye nafasi. Kila gunia la mchele aliloniletea Krismasi, aliniletea mpaka mlangoni bila mimi kuomba, na nililipokea.

Nilimwambia nimekosa. Nilisema kwa Kigikuyu, nikavua kofia. Akasema, "Ndiyo, ulikosa," kisha akauliza habari yako, umepata kazi gani hasa, na chumba utakaa na nani. Nilimweleza kuhusu mashine ya mkononi na nadhani nilieleza vibaya. Alicheka kidogo kwa ajili yako. Bahasha nikarudi nayo. Haijafunguliwa hata leo. Si yangu kuifungua, na mwenyewe haitaki.

Kabla hajarudi majini aliomba jambo moja, au tuseme aliniambia, kwa sababu hakuomba. Unajua kwetu mtoto anapoondoka, baba ndiye humshika kichwa na kumwombea uwanjani, watu wakisimama. Mimi niliombewa hivyo na baba yangu. Nimekuwa nikiyatafuta maneno ya kukuombea tangu ulipopata barua yako ya kazi, na nilikuwa nimepata mazuri. Nyokabi amesema kesho ataomba yeye. Yeye hakuna aliyemwombea alipoondoka hapa, alisema, na anataka mikono ya mwisho juu ya kichwa chako isiwe yangu.

Nimekubali. Mama yako bado hajui, atashangaa, na wazee watanong'ona. Utakaposoma hii itakuwa imeshapita, na utakuwa umejiuliza barabara nzima kwa nini baba yako alisimama nyuma na majirani. Sasa unajua. Usimwandikie Tata kumbembeleza kwa ajili yangu, wala usinitetee kwa mama yako.

Watu wa huko watashangaa wakijua kwamba baba yako hukuita Mami. Waambie Wangui ni jina la mama yangu, na kwamba mama yangu alikufa akiamini binti yake hakuitwa chuo.

Natoka sasa kuwafungia kuku. Kesho Tata akimaliza kuomba, mimi nitasema amina pamoja na wengine.

Baba yako